Mizani kwanza, presi baadaye: vifaa vya kuanzia kujaza risasi za shabaha nyumbani

Wakuu, hii mada naulizwa karibu kila nikikutana na Waswahili wenzangu uwanja wa shabaha huku Texas. Mtu keshanunua bunduki yake ya boliti, ya risasi saizi ya 6.5 Creedmoor au .308, kaweka na darubini ya maana, yadi 300 anapiga safi kabisa, alafu anagundua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza risasi za mechi za kiwandani boksi la 20 linakwenda dola 30 mpaka 45, na ukiwa na mzuka wa kupiga wikiendi moja tu unamaliza maboksi matano. Pili hata hizo za bei mbaya bunduki inazipenda leo, ukinunua boksi la loti nyingine inazikataa. Hapo ndo wazee wa pale renji wanamwambia dawa ni kujaza mwenyewe nyumbani, na akishaambiwa hivo anakuja na swali moja, "kaka, ninunue presi gani?"

Mi jibu langu huwa siku zote ni kwamba presi ndo kitu cha mwisho kukuumiza kichwa. Presi ni mkono tu wa chuma, inasukuma na kuvuta. Kinachofanya risasi yako ya kwanza na ya hamsini zifanane ni vile vitu vya kupimia na ile kalibu ya kurudishia ganda umbo lake, na huko ndo pesa inatakiwa iende.

Kwa ambaye hajawahi kuona hii kazi, risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, praima inayowasha, baruti, na kichwa chenyewe kinachoruka. Ukishafyatua, vitatu vimeshatumika, ganda limebaki, na ganda zuri la Lapua au Peterson au Alpha linarudiwa mara nyingi sana kama hulichoshi. Kwa hiyo kazi yote ni kulisafisha, kulirudisha kwenye umbo maana likifyatuliwa linatanuka kufuata chemba ya bunduki yako (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), kulikata kama limerefuka, kuweka praima mpya, kumimina baruti iliyopimwa, na kukalisha kichwa kwa urefu unaoutaka. Basi. Hamna uchawi hapo, ila kila hatua ina kipimo chake na kila kipimo kina kifaa chake.

Kuhusu faida ya pesa tuongee ukweli. Tuseme ganda lako linakula kama greni 40 za baruti (hapa napiga hesabu tu, sitoi kipimo cha kujaza). Pauni moja ina greni 7,000, kwa hiyo inatoa risasi 175, na pauni moja sa hivi ukiipata kwa dola 50 shukuru, maana yake baruti peke yake ni kama senti 29 kwa risasi. Kichwa cha mechi cha Berger, Hornady au Sierra kinaweza kula senti 50 au zaidi, praima nayo tangu uhaba ule wa 2020 bei haijawahi kurudi ilikokuwa. Ukijumlisha unakaribia dola moja. Nafuu ipo ila si ya kukufanya tajiri, na wengi wetu tukishaanza kujaza tunapiga mara mbili zaidi. Sababu ya kweli ya kujaza ni kwamba unaitengenezea bunduki yako wewe, chemba yako wewe, risasi inayoikaa.

Sasa mizani. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanakosea, either wanabania kupita kiasi au wanamwaga pesa bila sababu.

Baruti inapimwa kwa greni, greni moja ni gramu 0.0648, kitu kidogo mno. Mizani nyingi za kujazia zinasoma mpaka 0.1 greni na wenyewe wanakwambia kosa linaweza kuwa 0.1 juu au chini. Je, hiyo inatosha? Tupige hesabu. Kwenye 6.5 Creedmoor tofauti ya 0.1 greni inabadilisha mwendo wa kichwa kwa futi 5 au 6 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mizani inayokosea 0.1 huku na 0.1 kule, ukichukua risasi nzito kabisa na nyepesi kabisa, zinaachana futi 11 hivi. Kwenye yadi 600 hiyo tofauti inakupandisha au kukushusha kama inchi moja tu, na hapo hujaongelea upepo ambao wenyewe unaweza kukutoa inchi kumi ukiusoma vibaya. Lakini ukienda yadi 1,000 zile futi 11 zinakuwa inchi tatu na nusu, na kama jumla ya tofauti zako zote, mizani na praima na shingo la ganda (pale linaposhika kichwa) na kila kitu, inafika futi 20, unaangalia inchi 6 hivi za juu na chini. Ukijumlisha na mtawanyiko wa bunduki yenyewe, sahani ya chuma ya inchi 10 unaweza kuikosa bila kosa lolote la mkono wako.

Kwa hiyo mtu anayepiga mpaka yadi 600 mizani ya kawaida inamtosha kabisa. Na mi kwa anayeanza naipendelea ile ya mhimili, ya zamani, yenye mkono na kidole kinachocheza kwenye mstari, kama RCBS 505 ambayo utaipata mtumba kwa bei ya kawaida tu. Haina betri, haipotezi sifuri kwa sababu simu yako imeita pembeni, na ukishaisafisha zile sehemu za kisu inapokalia inasoma hata punje moja moja ya baruti ndefu. Ukifunga simu yako usawa wa kile kidole ukakiangalia kupitia kamera, utaona punje ikidondoka na kidole kinahama kidogo kama unywele. Ni polepole, ndio, lakini anayeanza hana haraka ya kwenda popote.

Mizani za elektroniki za bei ya chini zina tatizo lake. Unaweka sahani inasoma sifuri, unaenda kunywa maji, unarudi inasoma 0.2 na hamna mtu aliyeigusa. Kiyoyozi kikiwaka namba zinacheza, taa fulani pembeni namba zinacheza, mwenzio akifungua mlango wa gereji namba zinacheza. Kama ndo unayo, iwashe nusu saa kabla ya kazi, izuie upepo, na uwe na jiwe la kupimia ambalo uzito wake unaujua, kila baada ya risasi kumi uliweke uone bado inasema ukweli. Alafu kuna zile za juu, A&D FX-120i inayosoma 0.02 greni, watu wanaiunga na AutoTrickler inayodondosha baruti yenyewe mpaka kwenye namba uliyoweka. Hiyo seti inapita dola elfu moja. Ni kitu cha ajabu na mimi naiheshimu sana, lakini kwa mtu ambaye bado hajajua kusoma upepo wa yadi 500 ni pesa ambayo ingemnunulia vichwa na baruti za mwaka mzima wa mazoezi.

Kitu cha pili kwa umuhimu ni venia ya dijitali, ndugu ya ile tuliyoitumia maabara ya fizikia sekondari, inchi 6 inatosha. Mitutoyo ni bei kidogo ila unaipa mtoto wako urithi, za bei ya chini pia zinafanya kazi ukizichunguza. Lakini venia peke yake haitoshi, lazima ununue na vile vipande vinavyofungwa kwenye meno yake, kimoja cha kupimia bega la ganda (pale linapoanza kubana kuelekea shingoni) na kingine cha kupimia kichwa pale mchongo unapofika kipenyo kamili. Hornady wanauza hivi vitu bei poa tu na watu wanaviruka, wanaenda kununua presi ya dola 400. Kichwa ukikipimia nchani utadanganyika, maana ncha hazifanani hata ndani ya boksi moja. Kwenye ule mchongo ndo pale kichwa kinapogusana na mitaro ya mtutu, hapo ndo kipimo kina maana.

Na bega ndo moyo wa kila kitu, ngoja nieleze vizuri.

Ganda likifyatuliwa linajaa chemba yako yote, bega linasogea mbele mpaka linagota. Wewe unataka kalibu ilirudishe nyuma kidogo sana, kama inchi 0.002 kwa bunduki ya boliti, basi. Ukilirudisha sana, kila ukifyatua shaba inavutika ile ile sehemu ya chini juu kidogo ya kitako, inakuwa nyembamba, na mwisho ganda linakatika hapo hapo. Usipolirudisha kabisa boliti inakuwa ngumu kufunga na kwenye mashindano utalia. Sasa angalia hii: uzi wa kalibu za presi karibu zote ni ule ule, 7/8 kwa nyuzi 14 kila inchi. Yaani ukiizungusha kalibu mzunguko mmoja kamili inashuka inchi 0.071. Kwa hiyo ile inchi 0.002 unayoitafuta ni kama digrii 10 tu za mzunguko. Unagusa, unapitisha ganda moja kwenye kalibu, unalipima, unagusa tena kidogo, unapima. Ukishaipata unakaza ile ringi ya juu na huigusi tena, ukilitoa kalibu kwenye presi ringi inabaki nalo. Maagizo ya kwenye boksi yanakwambia shusha kalibu mpaka iguse kishikio cha ganda alafu ongeza robo mzunguko, hiyo ni kwa mtu anayetaka risasi iingie kwenye bunduki yoyote duniani. Wewe una bunduki moja, usifate hiyo.

Kabla ganda halijaingia kwenye kalibu linataka mafuta, nta ile ya Imperial au lanolini iliyochanganywa na alkoholi. Unapaka kwa vidole mpaka uhisi utelezi tu. Ukizidisha yanakusanyika kwenye bega, hayana pa kwenda, yanabonyeza shaba na ganda linatoka na mabonyeo. Ukipaka kidogo mno ganda linanasa ndani na kitako kinachanika, hapo utahitaji kile kifaa cha kutolea maganda yaliyonasa, nunua kabisa mapema ukae nacho kwenye droo.

Kalibu yenyewe ipi? Seti ya bei ya kati, Redding au Forster, ya kurudisha ganda zima na ya kukalishia kichwa yenye maikromita juu, inakutosha miaka. Ile maikromita si pambo, ukitaka kusogeza kichwa inchi 0.003 unazungusha namba badala ya kubahatisha. Wengine watakushawishi zile zenye bushi (ringi za ndani zinazobana shingo) za kubadilisha. Ni nzuri, unapima kipenyo cha shingo la risasi iliyokwishajazwa, unatoa inchi 0.002 hivi, hiyo ndo bushi yako. Ila usianze na bushi tano, anza na moja. Na seti za Lee za bei rahisi nisiwadharau, kuna watu wanapiga nazo vizuri mno, tatizo langu nazo ni ile ringi yake ya mpira ambayo haishiki kipimo, badilisha ringi tu na maisha yanaendelea.

Sasa presi, haya. Chukua ya hatua moja, ya chuma cha kumimina, mkono mrefu. RCBS Rock Chucker, Lee Classic Cast, Redding Big Boss, Hornady Iron Press, yoyote kati ya hizo itakuzika. Kama unayo pesa Forster Co-Ax ina raha yake, kalibu unaichomeka na kuichomoa bila kuzungusha na inajiweka katikati yenyewe. Zile zinazofanya hatua zote kwa mpigo kama za Dillon ni za wenye kupiga bastola risasi mia tano kwa siku, zitakuja baadaye kama zitakuja. Anayeanza anatakiwa aone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Cha muhimu kuliko jina ni meza. Presi nzuri kwenye meza inayotikisika ni bure, na mizani juu ya meza hiyo hiyo unayovutia mkono haitatulia, iweke kwenye rafu nyingine ukutani.

Vitu vidogo vilivyobaki nisivikalie: kifaa cha mkono cha kuwekea praima kwa sababu unaihisi ikikaa chini ya kitako kwa kidole, cha kukatia maganda (6.5 Creedmoor mwisho ni inchi 1.920, unalikata mpaka 1.910; .308 mwisho 2.015, unakata mpaka 2.005), cha kukwangulia mdomo ndani na nje, trei ya kusimamishia maganda, faneli, na ile nyundo ya plastiki ya kutolea kichwa pale ukikihisi tu kuna kitu hakijakaa sawa. Usiogope kubomoa risasi. Ukiwa na shaka hata ya nukta, bomoa.

Baada ya baruti kuingia, chukua tochi mulika kila ganda kwenye trei kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Uzuri wa baruti za bunduki ndefu za aina ya H4350 na wenzake ni kwamba zinajaza ganda karibu lote, ukimimina mara mbili itamwagika mezani utaona. Ganda tupu ndo hatari nyingine, praima peke yake inaweza kusukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikanasa, alafu risasi inayofuata ikapasua bunduki usoni kwako. Tochi ni dola tano.

Na nunua kitabu cha vipimo kabla ya chochote, cha Hornady au Lyman, na takwimu za Hodgdon zipo bure kwenye tovuti yao. Unaanzia chini, unapanda pole pole ukiangalia dalili za presha kwenye praima na kitako. Kipimo cha mtu uliyemwona kwenye video ni cha bunduki yake, na mimi hapa sitampa mtu namba hata aombe vipi.

Usafi sasa, kwa wenye watoto hili msome mara mbili. Masizi ya praima yana madini ya risasi (lead), sumu ile ile iliyotolewa kwenye petroli na rangi za nyumba. Mashine kavu ya kutikisia maganda kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa inarusha vumbi lake hewani, usiiwashe sebuleni, usimimine ule unga ukiwa umeinamia. Mi napendelea ya maji yenye pini za chuma, vumbi hamna, ila maji yake machafu usiyamwage kwenye sinki la kupikia. Kazi hii haifanyiki jikoni, haifanyiki ukiwa unakula au unavuta, na ukimaliza unanawa kwa sabuni na maji baridi na nguo inaenda kufuliwa peke yake. Mtoto anaguswa na hii sumu haraka kuliko mtu mzima.

Kuhusu sheria, wengi wetu hatuzaliwi na hizi karatasi kwa hiyo lazima niseme. Marekani kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakutaki leseni ya serikali kuu, kuuza kunataka. Lakini kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya serikali kuu inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na ukikosea hapo ni kosa la jinai na kufukuzwa nchi. Mwenye green card yuko sawa kama raia kwa hili. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, dola zake ni chache kuliko presi. Na majimbo nayo yana yao, Illinois siyo Texas. Na kwa ndugu zangu mnaonisoma mkiwa nyumbani, Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kubwa, Tanzania kuna ile sheria ya silaha na risasi ya 2015, Kenya kuna yao. Hii makala si ya huko, msije mkaagiza presi kwa kontena.

Kronografu, kipima mwendo wa risasi, usinunue mwezi wa kwanza, azima. Karibu kila renji kuna mtu ana Garmin Xero, kile kidude kidogo kilichotoka 2023, kinakaa pembeni ya bunduki kinasoma mwendo wa kila risasi na hakigusi mtutu. Ukisoma risasi kumi zako ukaona zimetawanyika futi 15 tu, endelea kupiga, usiguse kitu. Zikitawanyika 50, rudi kwenye mizani na shingo la ganda kabla hujalaumu baruti. Mashine ya kupashia maganda moto kama AMP ya New Zealand iache kabisa mpaka maganda yako yawe yamezunguka mara nyingi na umeona mwenyewe kichwa kinakaa kigumu kwenye ganda moja na laini kwenye jingine.

Kitu kimoja tu cha kuhifadhi mali. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, na mezani liwepo kopo moja tu siku unapojaza, mengine yamefungwa kabatini, maana baruti mbili zinafanana kwa macho kabisa na ukimimina mabaki kwenye kopo lisilo lake umejitengenezea bomu. Kanuni za moto za NFPA (shirika la kinga ya moto la Marekani) zinaruhusu pauni 20 nyumbani kwenye makopo yake, zaidi ya hapo mpaka 50 iwe kwenye sanduku la mbao nene ya inchi moja, na praima zisizidi 10,000. Usiiweke kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kabisa, baruti ikishika moto hewani inaungua tu kwa kasi, ikibanwa ndani ya chuma inalipuka. Na praima zibaki kwenye vile vitrei vyake zilivyokuja navyo, usizimimine kwenye chupa ya kioo hata kama unaona inapendeza.